Misumari Saba ya Kitanda cha Mvule

Jioni kile kitanda kilipoingizwa ndani walikuwepo watu sita. Hyasinta mwenyewe. Mumewe Augustino, kuli wa bandarini. Mtoto wao Candida, wa miaka mitatu. Kasmir, fundi seremala wa Gerezani, mtu wa kwao Ndanda, ambaye ndiye aliyekitengeneza upya. Bushiri, mwenye mkokoteni. Na Bibi Mwanamkuu, mwenye nyumba, aliyekuwa barazani na ungo wa mchele mapajani.

Sita. Hyasinta alikuja kuirudia hesabu hiyo mara nyingi, kidole kwa kidole, kama mtu anayesali rozari.

Maana Candida alisema walikuwa saba.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 1983. Walikuwa wamehamia chumba hicho cha Mtaa wa Likoma wiki mbili tu, wakitokea Buguruni. Kuhama lilikuwa wazo la Augustino. Kule Buguruni, mwezi wa tatu, mtoto wao mchanga Pantaleo alikufa akiwa na siku kumi na tisa. Hyasinta hakulia. Wanajumuiya walikuja, wakaimba, wakapika, wakafua hadi mapazia, wakaondoka. Yeye alikaa tu. Mguu ukiukalia muda mrefu hufa ganzi. Unauona kabisa kuwa ni wako, lakini ukiugusa ni kama gogo. Yeye alikuwa hivyo mwili mzima. Maziwa yalimtoka wiki tatu, yakilowesha kanga, halafu nayo yakakauka.

Augustino hakumsema. Akitoka zamu alipitia kwa Kasmir, akarudi na kitu begani. Mwaka ule madukani hakukuwa na chochote, na watu walijaza nyumba zao vitu vya zamani vilivyofufuliwa. Kasmir aliwapa meza iliyokuwa ya ofisini, akaikata miguu ili itoshee chumba. Akawapa viti viwili visivyofanana, na kabati la vyombo lenye wavu mpya. Kikabaki kitanda.

Siku hiyo jua likielekea kuzama, Hyasinta alikwenda Gerezani kukichukua, Candida mgongoni, Bushiri akitangulia na mkokoteni.

“Mama Candi,” alisema Bushiri, “ungebeba na mkeka wa kusubiria. Kasmir huyo akishika msasa, ubao wenyewe huomba msamaha.”

“Nakusikia, Bushiri,” alijibu Kasmir kutoka ndani ya banda. “Na gurudumu lako nalisikia tangu Msimbazi. Lina kifua.”

Kitanda kilikuwa kimesimama katikati ya takataka za randa. Kilikuwa cha mvule, kirefu, ubao wa kichwani umechongwa maua, vanishi yake ikimeremeta. Kasmir alikitikisa kwa mikono miwili.

“Unasikia, dada? Kimya. Hiki hakilii. Siku ukikisikia kinalia, nirudishie.”

Alikuwa amezipunguza kona zote nne na kuzilainisha mpaka zikawa mviringo. “Kwa ajili ya kichwa cha huyu,” alisema, akimgusa Candida utosini. Halafu akatoa kopo la sigara lililokuwa likilialia, akamkabidhi.

Ndani mlikuwa na misumari saba. Mirefu, ya zamani, yenye vichwa vya mraba. Alikuwa ameinyoosha na kuifuta kutu kwa mafuta.

“Hii ilikuwa kitandani. Imepigwa ubavuni, kwa ndani, mstari mmoja, na haishiki kitu. Haiungi ubao na ubao. Sijui nani alikosa kazi. Msumari ndani ya mvule ni matusi, dada, mimi natumia vijiti na gundi tu. Nimeing’oa nikaziba matundu kwa unga wa mbao. Papasa, uone kama utayapata.”

Hyasinta alipapasa. Hakuyapata.

“Lakini kilichotoka kwenye kitanda chako ni chako,” Kasmir alisema.

Angeweza kukaa kimya akaibakiza. Mwaka ule msumari mmoja ulikuwa zawadi ya kumpelekea mtu. Hyasinta aliuona wema huo. Aliuona tu, kama unavyoona kitu kilichoko ng’ambo ya barabara.

Walifika Likoma mwanga ukipungua. Augustino alitoka kupokea. Wakati wanaume watatu wanakipitisha kitanda ukumbini, Bibi Mwanamkuu aliweka ungo chini, akainua pua.

“Kuna mzazi anachuliwa humu?”

“Mzazi gani tena, Bibi?”

“Nasikia karafuu. Karafuu na mafuta ya nazi, ya kumchulia aliyejifungua.”

“Vanishi hiyo, Bibi,” Bushiri alicheka. “Pua yako imezoea pilau.”

“Pua yangu imekuzidi umri, mshenzi wewe. Kimetoka nyumba gani?”

“Mchafukoge,” alisema Kasmir. “Wenyewe wanahama nchi. Wameuza vyote.”

Adhana ya magharibi ilianza, Bibi akaenda kutawadha.

Hyasinta alimimina chai ya rangi kwenye vikombe sita. Candida alikuwa kitandani tayari, upande wa ukutani, akivitazama vikombe.

“Mama, bado kimoja.”

“Kimoja cha nani?”

“Cha yule mama.”

Watu walicheka. Bushiri alisema mtoto huyo atakuwa karani wa mahesabu. Hyasinta hakucheka wala hakushangaa. Alichukua kikombe cha saba, akamimina.

Misumari ilikwisha wiki ile ile. Bushiri aliomba miwili ya kukazia gurudumu. Bibi Mwanamkuu alipewa miwili kwa mlango wa bafu, uliokuwa ukining’inia kwa kamba. Augustino alipiga miwili ukutani, mmoja wa picha ya Bikira Maria, mwingine wa shati lake la kazi. Severa wa jumuiya yao alifiwa na mama yake, na wanaume waliokuwa wakitengeneza jeneza walipungukiwa na msumari mmoja. Hyasinta alimpelekea wa mwisho, umefungwa kwenye pindo la kanga. Severa aliushika kwa mikono miwili akalia. Hyasinta alimtazama akilia.

Basi kukaanza kutokea mema.

Kila magharibi Hyasinta alikuwa uani kwenye jiko la mkaa, amemwacha Candida chumbani. Siku moja aliporudi alimkuta mtoto ameoshwa miguu. Siku nyingine amepakwa mafuta, ananukia. Siku ya tatu nywele zimesukwa, mistari myembamba iliyonyooka, msuko wa kizamani ambao Hyasinta hakuwahi kuujua.

Alidhani ni Bibi Mwanamkuu. Nani mwingine? Moyoni alimwombea baraka.

Na kusema kweli, alifikiri: afadhali. Afadhali kuna mtu.

Halafu Candida akaacha kula.

“Nimeshiba, mama.”

“Umeshiba nini? Umekula wapi?”

“Nimenyonya.”

Alikuwa ameachishwa ziwa muda mrefu. Hyasinta alimwinamia mdomoni. Karafuu... na chini yake, harufu ya maziwa yaliyochacha.

Asubuhi alipomfunga mgongoni, fundo la kanga lilifika mahali ambapo halikuwahi kufika. Kesho yake lilipita hapo. Kesho kutwa tena. Kila siku kanga ilibaki ndefu zaidi na mtoto mwepesi zaidi, naye akitabasamu, hasumbui, halii, macho makubwa.

Siku ya tisa ya mambo hayo Hyasinta alimkuta Bibi Mwanamkuu barazani.

“Bibi, shikamoo. Ahsante kwa kumsuka mtoto.”

“Marahaba. Nimsuke mimi? Kwa vidole gani?” Akavinyoosha. Vilikuwa vimepinda kama mizizi ya tangawizi. “Mimi hata sindano sishiki, mwanangu.”

Hyasinta alisema, “Aa.” Akaenda kuwasha jiko. Ndivyo alivyokuwa siku zile.

Maji ya ugali yalikuwa bado hayajachemka.

Akasikia.

Kwi... kwi... kwi...

Kitanda kinalia.

Kile ambacho hakikulia walipokilalia watatu. Kinalia taratibu, kwa mwendo mmoja, kama mtu anayebembeleza.

Alivua ndala. Alipita ukumbini kwa miguu mitupu. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Humo ndani palikuwa na mwanga ule wa mwisho wa siku, ambao unakuonyesha umbo la kitu bila rangi yake.

Candida alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. Mdomo wake ulikuwa ukicheza. Unavuta, unapumzika. Unavuta, unapumzika. Mbele yake hapakuwa na kitu.

Hapakuwa na kitu, lakini godoro la sufi lilikuwa limebonyea. Refu. Bega, nyonga, goti. Kama mtu mzima aliyejilaza na kumkunjia mtoto mwili wake.

Harufu ya karafuu ilikuwa nzito hadi inawasha koo.

“Shh...”

Ilitoka ukutani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, chini kabisa, ya upole.

“Shh... mwenzangu. Pumzika. Tumemshika.”

Hyasinta alisimama pale.

Akauvuta mlango polepole, usije ukalia ukamwamsha mtoto.

Akaufunga.

Akarudi jikoni.

Jambo hilo hakumwambia mtu kwa miaka mingi. Alikaa kwenye kibao, akashika mwiko, akatazama maji yakianza kutoa povu pembeni. Alijisikia amepumzika kweli. Alifikiri juu ya unga. Alifikiri kwamba makaa yalikuwa mabichi.

“Mama...”

Sauti ya Candida. Nyembamba kama uzi.

Hyasinta hakuinuka. Alisubiri aitike yule anayeitwa.

Na kutoka ndani ya chumba, wazi kabisa, mtu aliitika.

“Abee, mwanangu.”

Mguu uliokufa ganzi ukianza kurudi, huuma kuliko jeraha. Hyasinta hakumbuki alivyofika mlangoni. Anakumbuka sufuria imepinduka nyuma yake na makaa yanalia kwa maji. Anakumbuka alimnyakua mtoto, na mtoto alikuwa na uzito wa kanga mbili zilizokunjwa.

Candida alipiga kelele. Akanyoosha mikono yote miwili.

Hakuinyoosha kwa mama yake. Aliinyoosha ukutani.

Usiku huo huo Augustino, ametoka zamu na jasho bado mgongoni, alikitoa kitanda akakisimamisha uani. Hakumwuliza mkewe kama alikuwa ameota. Alisema tu, “Tutalala chini, Mama Candi. Chini hapaanguki mtu.” Akamtandikia mkeka, akampa yeye kanga iliyokuwa nzito kuliko zote.

Kesho yake, magharibi, Hyasinta aligeuka kuchukua chumvi. Kugeuka tu. Alipotazama tena Candida hakuwa ubavuni pake. Alimkuta chumbani, sakafuni, mahali palepale kitanda kilipokuwa. Amelala ubavu, ameelekea ukutani. Unavuta, unapumzika.

Bibi Mwanamkuu aliyemfuata nyuma aliona. Alitamka bismillahi, akamwinua mtoto mwenyewe kwa vidole vile vilivyopinda.

“Kirudisheni kitanda,” alisema. “Kikiwa nje, chumba kizima kinakuwa cha huyo mama.”

Halafu akamkalisha Hyasinta barazani.

“Sisi mzazi tukimlaza, tunamwekea kisu chini ya mto, asisogelewe na kitu. Chuma. Siku arubaini. Hilo nalijua, mama yangu alinifanyia. Sasa nambie. Yule fundi alikiosha kitanda, alikipiga msasa. Kuna kitu alikitoa?”

Hyasinta alimwambia.

Bibi Mwanamkuu akatazama ukumbini, kule uani, ulikokuwa mlango wa bafu uliosimama vizuri siku hizo.

“Na mimi miwili ninayo,” alisema.

Asubuhi Kasmir aliacha kazi zake akaongozana na Hyasinta hadi Mchafukoge. Nyumba ilikuwa tupu, madirisha yamefungwa. Alibaki mlinzi wake tu, mzee Awadhi, amekaa kwenye ngazi na bakora yake. Kasmir alipotaja misumari, mzee aliinua uso.

“Nani alikwambia utoe?”

“Hakuna mtu, mzee. Niliona inaharibu ubao.”

“Inaharibu ubao.” Mzee Awadhi alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. “Wewe fundi mzuri. Bahati mbaya.”

Akawaeleza kidogo tu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, naye alikuwa kijana wa kazi hapo. Mke wa mtoto wa mwenye nyumba alijifungua juu ya kitanda kile. Mtoto alitoka salama. Mama hakuwa salama, damu haikukatika. Wanawake wakamchukua mtoto wakampeleka chumba cha pili.

“Mimi nilikuwa naleta maji ya moto mlangoni. Namsikia anawaomba. Nipeni nimshike. Nipeni hata kidogo. Nao wanamwambia, pumzika. Pumzika, tumemshika.”

Hyasinta alishika ukuta.

Maneno yale hakuwa amemwambia mtu. Hata Augustino. Hata Bibi.

“Adhana ya magharibi inaanza, akakata roho. Hakumshika. Kesho yake saa ileile mtoto akaacha kulia, chumba cha pili, peke yake. Tukaenda kutazama...” Mzee alizungusha bakora yake. “Basi. Akaitwa mtu. Alipiga msumari mmoja kila magharibi, siku saba, mpaka mtoto alipotolewa nje. Alipigaje, alisema nini, mimi sijui. Anayejua amekwisha kufa. Mimi nilikuwa wa maji tu.”

“Na mtoto?” aliuliza Hyasinta.

“Mtoto? Huyo ndiye aliyeuza kitanda. Mtu mzima sasa. Hajawahi kuambiwa.”

Akamkabidhi Hyasinta bakora yake amshikie, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. “Kunywa, binti. Rangi imekutoka.” Hyasinta alikunywa. Maji yalikuwa baridi. Aliyasikia yakishuka mpaka tumboni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kusikia kitu kinaingia ndani yake.

Alianza kukusanya misumari saa sita mchana.

Bushiri alikuwa sokoni Kariakoo, mkokoteni umejaa magunia ya viazi, ngazi za soko zimejaa watu. Hyasinta alimwambia anahitaji misumari yake. Alidhani atamtania. Bushiri alimtazama Candida mgongoni, akatazama fundo la kanga lilipofika.

Akashusha magunia yote, moja moja. Akapindua mkokoteni katikati ya njia, watu wanamtukana, akaing’oa kwa koleo.

“Na gurudumu?” Hyasinta aliuliza.

“Litafungwa kamba. Lilikuwa na kifua hata kabla.” Hakucheka. “Nenda, dada. Nenda.”

Miwili.

Bibi Mwanamkuu alikuwa ameshaitoa yake. Mlango wa bafu ulikuwa umelala ukutani, na wapangaji wakioga walitundika kanga. Minne. Augustino alishusha shati, akashusha Bikira Maria, akamlaza mezani taratibu, uso juu. Sita.

Severa alikuwa akifua. Aliposikia alisimama wima, povu likimtiririka mikononi.

“Wa kwako uliingia upande wa kichwani,” alisema. “Niliuona kwa macho yangu. Ulikuwa mzuri kuliko yote.”

Wakatazamana. Mama yake Severa alikuwa ana siku kumi na mbili chini ya udongo wa Kinondoni.

“Kama ni kwa ajili ya mtoto...” Severa alianza kusema. “Kama ni kwa ajili ya mtoto, Hyasinta, nitakwenda kumwomba padre. Tutafukua.”

Hata hilo alikuwa tayari kulitoa. Hyasinta alimfuta povu mikononi kwa kanga yake mwenyewe.

“Hapana,” alisema. “Mwache mama alale.”

Jua lilikuwa linakwenda. Kasmir alikuwa amekwisha kurudisha kitanda mahali pake na kuyafukua matundu saba aliyoyaziba kwa ustadi. Mikono yake, ambayo haikosi, ilikuwa ikikosa. Ilimbidi Augustino amshikie taa. Bibi alikaa mlangoni na chetezo cha ubani.

Msumari wa kwanza. Nyundo ilipotua, kitanda kilitoa sauti ndogo. Kwi.

Wa pili. Wa tatu.

Kwenye wa nne Candida alianza kulia. Kilikuwa kilio cha njaa, kikavu, cha mtoto ambaye hajala siku nyingi na ndiyo kwanza anatambua.

Wa tano.

Wa sita.

Kikabaki kitundu kimoja, cha upande wa kichwani. Kasmir alikuwa amechonga kijiti cha mpingo. Alikigonga, kikaingia. Wakasubiri. Kijiti kikatoka chenyewe, polepole, kama kinachosukumwa kwa kidole kutoka ndani, kikaanguka sakafuni.

Tk.

Kutoka kwenye kile kitundu ilianza kutoka harufu... ya karafuu.

Nje mwadhini alikohoa kwenye kipaza sauti.

Hyasinta alipanda kitandani. Hakuna aliyemwambia. Alijilaza upande wa ukutani, mgongo wake ukutani, pale godoro lilipokuwa likibonyea, akamvuta mtoto kifuani. Akanyoosha mkono nyuma yake akaweka kidole gumba juu ya tundu la saba, akalibana.

Lilikuwa na joto.

“Nimemshika,” alinong’ona. “Nimemshika mwenyewe.”

Adhana ikaanza.

Candida alihangaika kifuani, akatafuta, akapata. Hyasinta alitaka kumwambia hakuna kitu humo, mwanangu, palishakauka. Lakini mtoto alivuta. Akapumzika. Akavuta. Na Hyasinta akasikia yanashuka, kwa maumivu, kama sindano, maziwa ambayo hayakuwemo kwa miezi minne. Yakamjaa. Yakalowesha kanga.

Ndipo alipolia. Alimlilia Pantaleo, siku kumi na tisa, moja moja, kila siku na kilio chake. Augustino alisimama na taa, naye akilia, hajui aiweke wapi.

Na wakati analia, nyuma yake, mahali palipokuwa na ukuta tu na nafasi isiyotosha hata kiganja, mtu alianza kumpigapiga mgongoni. Taratibu. Kwa mwendo mmoja. Kama unavyompigapiga mtoto alale.

Hakugeuka.

Mtoto alirudi mwilini. Ndani ya mwezi mmoja fundo la kanga lilirudi mahali pake, ndani ya miwili lilipita. Uji alikula, ugali alikula, alikuwa msumbufu na mwenye kelele kama inavyotakiwa. Bibi Mwanamkuu alisema alhamdulillahi na hakutaka jambo hilo litajwe tena nyumbani kwake. Bushiri alipata msumari mwingine sijui wapi. Kasmir aliendelea na kazi yake, ila akikuta msumari kwenye mbao za watu, hata uwe umepinda na umeliwa na kutu, aliuacha, akapiga vanishi juu yake.

Hyasinta alilala upande wa ukutani miaka yote, na kila magharibi alikwenda kukaa kitandani kidogo, kidole gumba juu ya tundu, mpaka adhana iishe. Kitanda hakikulia tena. Kitu kimoja tu hakumwambia Augustino: kwamba maziwa yale, hadi siku yalipokatika, yalinuka karafuu.

Candida alianza darasa la kwanza mwaka 1987. Siku ya kwanza mwalimu aliwataka watoto wataje watu wanaoishi nao nyumbani, naye akataja baba yake, kisha mama zake wawili.